Kijana Anaposikia Sauti Ambazo Wengine Hatuzisikii: Mwongozo kwa Wazazi na Walezi

Saa nane za usiku mama anaamka kwenda msalani na kuona mwanga chini ya mlango wa chumba cha mwanawe wa kidato cha tatu. Anausukuma mlango na kumkuta kijana ameketi kitandani, mgongo ukutani, na dirisha lote limezibwa kwa magazeti. "Mama, sema polepole," anamwambia, "wako nje wanasikiliza." Nje hakuna mtu. Kufikia saa nne asubuhi nyumba imeshagawanyika: bibi anasema mtoto ametupiwa kitu, baba mdogo anasema ni bangi za kijiweni, jirani ameshampigia simu mchungaji, na kijana mwenyewe hajaulizwa na yeyote ni nini hasa anachokisikia.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya asubuhi hiyo. Si lazima ubishi kuhusu chanzo umalizike ndipo msaada uanze. Kutafuta chanzo ni kazi ya mhudumu wa afya; kazi ya familia ni kumsikiliza kijana, kumlinda, na kumfikisha mahali anapoweza kupimwa, na kazi hiyo inaweza kuanza hata kama bibi na baba mdogo bado hawajakubaliana.

Maruweruwe ni nini, na si nini

Maruweruwe ni kusikia, kuona, kunusa, kuonja au kuhisi mwilini kitu ambacho hakipo. Anayeyapata hayabuni wala haigizi. Sauti humjia kama sauti nyingine yoyote: ni ya kiume au ya kike, ina lafudhi, pengine ni ya mtu anayemfahamu kabisa. Uchunguzi wa ubongo umeonyesha kwamba sehemu zinazohusika na usemi na usikivu huwa kazini wakati mtu anaposikia sauti za aina hiyo, na ndiyo sababu kumwambia kijana "ni mawazo yako tu" humfanya aone kwamba humwelewi, wala sauti haiondoki.

Hata hivyo, si kila tukio la namna hii ni ugonjwa. Mtu anaweza kusikia jina lake likiitwa anapokaribia kulala au anapoamka. Anaweza kukabwa na jinamizi, akawa macho huku mwili hauwezi kujisogeza na kivuli kimesimama mlangoni. Aliyefiwa anaweza kusikia hatua za marehemu ukumbini kwa wiki kadhaa, na mtoto mdogo anaweza kuzungumza na rafiki wa kubuni huku akijua vyema kwamba ni mchezo. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba dalili za aina hii, zikiwemo zile nyepesi na za kupita, huwapata karibu asilimia 17 ya watoto wa miaka 9 hadi 12 na asilimia 7.5 ya vijana wa miaka 13 hadi 18. Kwa wengi wao hupotea zenyewe. Basi kusikia sauti mara moja hakumfanyi mtu kuwa kichaa, na neno hilo lisitamkwe nyumbani hata kwa mzaha.

Wasiwasi uongezeke pale ambapo hali inajirudia, inamtisha au inaongoza matendo yake, na hasa inapoandamana na mabadiliko mengine: halali, hataki kuoga, amejitenga na marafiki, maksi zimeporomoka, anaamini kwamba chakula kimetiwa sumu au kwamba redio inamsema yeye, na maneno yake hayafuatani. Skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoleta sauti na imani zisizo za kweli, na ambao ndio wengi huuogopa, kwa kawaida huanza kati ya mwisho wa ujana na miaka ya ishirini na kitu. Kabla ya miaka 13 ni nadra sana. Kwa hiyo mtoto wa miaka 9 anayesikia sauti achunguzwe kwanza kama ana ugonjwa wa mwili, kama kuna kinachomtia hofu, na kama kuna mtu anayemdhuru. Jambo hili la mwisho ndilo familia huliruka, kwa sababu mara nyingi mwenye kumdhuru mtoto hula naye meza moja.

Hatua ya kwanza: uangalie mwili wake leo

Kabla ya kufikiria akili au majini, mshike paji la uso. Malaria kali, homa ya uti wa mgongo na maambukizi mengine yanayofika kwenye ubongo yanaweza kumfanya kijana aweweseke, aone watu ukutani na kuzungumza nao. Alama kubwa ya hali hii ni kwamba fahamu zenyewe hupanda na kushuka: asubuhi anakujua, mchana hajui ni siku gani, usiku anavuta hewa kwa vidole kana kwamba anashika nzi. Kijana mwenye homa, shingo iliyokakamaa, degedege, kichwa kinachouma vikali, jeraha la kichwa au kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla anapaswa kufika hospitali siku hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku. Vivyo hivyo kwa mgonjwa wa kisukari, maana sukari ikishuka mno tabia hubadilika ndani ya dakika chache.

Pili, chunguza alichotumia, bila kuanza na fimbo. Bangi, hasa ile kali ambayo vijana huiita skanka, inaweza kuleta sauti na hofu ya kufuatwa. Mirungi inayotafunwa usiku kucha huondoa usingizi, na ukosefu wa usingizi peke yake unatosha kuleta maruweruwe. Kunusa gundi na petroli ni vivyo hivyo. Kuna pia mnanaha, ule mmea wa majalalani wenye maua kama tarumbeta na matunda ya miiba: aliyekula mbegu zake hukauka mdomo, mboni za macho hutanuka, mapigo ya moyo hwenda mbio, naye huona vitu visivyokuwapo. Hiyo ni sumu, na ni dharura. Aliyezoea kunywa gongo au chang'aa kila siku kisha akaacha ghafla anaweza kuona wadudu wakitambaa mwilini mwake, na hiyo nayo ni dharura.

Tatu, kusanya dawa zote anazotumia na uzibebe. Meflokwini ya malaria, efavirenzi iliyotumika kwa miaka mingi kufubaza virusi vya UKIMWI, sikloserini ya kifua kikuu sugu, na dawa za jamii ya steroidi zinaweza kuleta ndoto za kutisha au maruweruwe kwa baadhi ya watu. Usimwachishe mwenyewe, mpelekee daktari pakiti ili yeye aamue.

Kwa jumla, maruweruwe ya kuona, kunusa au kuhisi wadudu kwenye ngozi humfanya daktari ashuku zaidi mwili, kifafa au dawa, ilhali sauti zinazozungumza kwa wiki nyingi wakati fahamu ni timamu humwelekeza zaidi kwenye magonjwa ya akili. Kanuni hii ina mianya mingi, kwa hiyo isikufanye ukae nyumbani.

Hatua ya pili: zungumza naye, usibishane naye

Hapa ndipo wazazi wengi hukwama, na hapa ndipo ningependa tukae zaidi.

Chagua wakati ambapo ametulia na ambapo hamtazamani uso kwa uso kama mko polisi. Kumenya viazi pamoja, kuosha vyombo au kutembea kwenda dukani kunafaa kuliko kikao cha ukoo sebuleni. Awepo mtu mmoja anayemwamini, si watano. Mazungumzo yanaweza kuwa mafupi kama haya:

"Mwanangu, naona siku hizi hulali. Kuna kinachokusumbua usiku?"

"Wananisema."

"Akina nani?"

"Wa kule nje. Wananiita mwizi."

"Mimi siwasikii, mwanangu, wala sitakudanganya. Lakini najua wewe unawasikia, na naona wanakutisha. Huwa wanaanza saa ngapi?"

Jibu hilo la mwisho limefanya mambo matatu. Mama hakujifanya anasikia, kwa maana kijana akija kugundua kwamba alidanganywa atapoteza mtu pekee aliyemwamini. Hakumwambia kwamba hakuna kitu, kwa maana kwa kijana kitu kipo. Ameigusa hofu, ambayo ni ya kweli kwa wote wawili, kisha akauliza swali la kawaida linalojibika. Ukimwuliza "kwa nini unasikia sauti?" hana jibu, ukimwuliza zinaanza saa ngapi, ni za nani, zinasema nini, na nini huzipunguza, anaweza kukujibu, na majibu yake yatamfaa daktari.

Sema kwa sentensi fupi, maana kijana huyu pengine anakusikiliza wewe huku mtu mwingine anamsemesha katika sikio la pili. Akinyamaza, mpe muda. Akitabasamu peke yake au akigeuza kichwa kana kwamba ameitwa, usimcheke wala usimkemee, unaweza kumwuliza kwa upole, "Wamesema kitu sasa hivi?" Baadhi ya vijana hujibu swali hilo kwa nafuu inayoonekana usoni, kwa kuwa ni mara ya kwanza mtu kuuliza.

Kuna maswali mawili ambayo ni lazima yaulizwe, hata kama ulimi ni mzito. La kwanza: je, sauti zinakuamuru ufanye jambo lolote, kujidhuru au kumdhuru mtu? La pili: je, umewahi kufikiria kujiua? Watu wengi huogopa kwamba swali hili litampandikizia wazo. Halimpandikizii, humfungulia njia ya kusema. Likijibiwa ndiyo, au likijibiwa kwa ukimya na machozi, mambo mengine yote yasubiri na muende hospitali leo.

Hatua ya tatu: ifanye nyumba iwe salama

Sumu za panya na dawa za kunyunyizia shambani zitoke nyumbani kabisa, zisifichwe juu ya kabati ambalo kila mtu analijua. Vidonge vyote, vikiwemo vya presha vya bibi, vifungiwe. Visu, kamba na funguo za pikipiki ziwekwe mbali. Asiachwe peke yake, lakini pia asizingirwe na ndugu kumi wanaomtazama. Wapeane zamu, mmoja mmoja.

Akipandwa na hasira au hofu, punguza watu na kelele, zima televisheni, simama umbali wa hatua mbili au tatu, usimzibie mlango, usimshike ghafla kutoka nyuma. Mara nyingi anayeonekana kutaka kupigana anajaribu kukimbia. Ikibidi kuita msaada wa polisi au vijana wa mtaa ili afikishwe hospitali, waelezwe tangu mwanzo kwamba huyu ni mgonjwa, si mhalifu, na mtu wa nyumbani aongozane naye hadi mwisho.

Asifungwe kamba wala minyororo. Najua familia zilizofanya hivyo hazikufanya kwa ukatili. Zilichoka, ziliogopa, na kliniki ilikuwa mbali. Lakini kamba hukata mzunguko wa damu, humthibitishia kijana kwamba kweli kuna watu wanaotaka kumwangamiza, na huacha kovu kwenye kifundo cha mkono ambalo ataulizwa habari zake maisha yake yote.

Hatua ya nne: andika, kisha mwende hospitali

Daktari atakuwa na dakika chache, na kijana anaweza kukaa kimya mbele yake au kuonekana mzima kabisa. Chukua daftari la shule uandike tarehe mabadiliko ya kwanza yalipoonekana, saa anazolala, maneno hasa ambayo sauti husema, alichokula na kutumia, kama aliwahi kupata kifafa au kuumia kichwa, kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kuugua hivi, na kama kuna tukio lililotangulia: msiba, kuhamishwa shule, kupigwa, kubakwa. Usimrekodi kwa simu na kusambaza video kwenye kundi la ukoo. Video hiyo itakuwa bado inazunguka siku atakapokuwa amepona na anatafuta kazi.

Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya iliyo karibu, kwa kuwa vipimo vya awali hufanyika huko na barua ya rufaa hutoka huko. Kwa Tanzania Bara, rufaa za juu huelekea Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iliyopo Dodoma, au idara ya magonjwa ya akili ya Muhimbili, Dar es Salaam. Zanzibar kuna Hospitali ya Kidongo Chekundu. Nchini Kenya kuna Hospitali ya Mathari jijini Nairobi na kitengo cha Port Reitz huko Mombasa. Katika nchi hizi mbili, mtoto au mtu anayemjali anaweza kupiga namba 116, ambayo ni ya huduma ya simu kwa watoto, hasa pale ambapo hofu ya mtoto inatokana na mtu wa nyumbani.

Tarajia kipimo cha malaria, cha sukari, cha VVU, pengine cha mkojo wa kuangalia dawa za kulevya, na kama kuna dalili za kifafa, kipimo cha umeme wa ubongo. Daktari mzuri ataomba kuzungumza na kijana peke yake. Toka nje bila kinyongo. Kuna mambo ambayo hatayasema mbele yako. Ukirudi, uliza mambo haya: mnashuku nini, dawa hii ni ya nini, inaweza kumletea madhara gani, tukiona nini turudi kabla ya tarehe, na ikiwa dawa itakosekana hapa tufanye nini. Swali la mwisho si dogo, kwa kuwa wagonjwa wengi huzidiwa baada ya dawa kuisha dirishani, wakaambiwa warudi wiki ijayo.

Wengine wataambiwa kwamba hawahitaji dawa kwa sasa. Kijana ambaye sauti zake zilianza baada ya kunyanyaswa, au zinazokuja pamoja na huzuni nzito, anaweza kuhitaji kwanza mshauri nasaha na matibabu ya huzuni yenyewe. Hilo lisichukuliwe kama kupuuzwa, mradi amepewa tarehe ya kurudi.

Maombi, mganga na kombe

Familia nyingi hupita huku kwanza, kwa maombi, kwa mganga au kwa kombe (aya za Kurani zinazoandikwa, zikaoshwa kwa maji na kunywewa), na kuzitukana hakusaidii. Dua na maombi humtuliza kijana na kuwatuliza waliomzunguka, na sioni sababu ya kumlazimisha mtu achague kati ya msikiti au kanisa na kliniki. Masharti yangu ni machache lakini hayapunguzwi: asipigwe, asifungwe, asifukizwe moshi hadi akohoe, asifungishwe kula na kunywa, asinyweshwe mitishamba isiyojulikana juu ya dawa za hospitali, na asiambiwe aache dawa ili kuonyesha imani. Kiongozi wa dini anayekubali masharti haya ni msaidizi mkubwa. Asiyekubali, muage kwa heshima. Kwa anayetaka kufunga Ramadhani, zungumzeni na daktari mapema kuhusu saa za dawa na usingizi, msisubiri mwezi uandame.

Hatua ya tano: dawa na shingo inayojipinda

Haloperido, klopromazini, risperidoni na olanzapini ndizo dawa za kupunguza sauti zinazotajwa mara nyingi. Usingizi huweza kurudi ndani ya siku chache. Sauti huchukua wiki kadhaa kufifia, na wakati mwingine hazizimiki kabisa bali hushuka kama redio iliyopunguzwa. Zote zinaweza kuleta usingizi mzito wa mchana, na baadhi, hasa olanzapini, huongeza hamu ya kula na unene, jambo linalowakera vijana kuliko watu wazima wanavyodhani.

Kuna dhara moja ambalo kila mlezi anapaswa kulijua kabla hajalikuta. Siku za mwanzo, hasa kwa haloperido na hasa kwa vijana wa kiume, shingo inaweza kujipinda upande mmoja, macho yakapanda juu yakakwama, ulimi ukawa mzito na taya likakaza. Nyumbani watu hupiga kelele kwamba pepo limepanda. Hilo ni dhara la dawa, linatibika haraka kwa sindano au kidonge cha kulegeza misuli kama benzhekso, na linahitaji kurudi hospitali saa hiyohiyo. Nimeona mgonjwa akiachishwa dawa na kupelekwa kwenye maombezi ya siku tatu kwa sababu hakuna aliyeelezwa jambo hili mapema, na wote waliohusika walikuwa watu wema.

Akipata nafuu, ataomba kuacha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unashauri kwamba aliyepata saikosisi (yaani hali ya kusikia au kuamini mambo yasiyokuwapo) aendelee na dawa kwa angalau miezi 12 baada ya dalili kuisha, kisha uamuzi wa kupunguza ufanywe pamoja na daktari, polepole. Anayesahau au kuchoka vidonge anaweza kuulizia sindano ya kila mwezi, ambayo daktari huiamua kwa kuangalia umri wake na hali yake.

Hatua ya sita: nyumbani na shuleni

Utafiti wa miaka mingi umeonyesha kwamba wagonjwa wanaorudi kwenye nyumba zenye lawama, makelele na kufuatwafuatwa huugua tena mara nyingi zaidi kuliko wale wanaorudi kwenye nyumba tulivu. Basi ratiba yenye kulala kwa wakati uleule kila siku, kazi ndogo ya kila siku, na kutokutajwa kila jambo baya kuwa "ule ugonjwa wako" ni sehemu ya tiba. Sauti zikirudi, anaweza kuvaa spika za masikioni na kusikiliza kaswida au muziki aupendao, kuimba kwa sauti ya chini, kusoma kwa kutamka, au kumpigia mtu simu, kwa kuwa kinywa kinapokuwa kazini sauti mara nyingi hupungua. Ajaribu kila moja na aandike ipi inamfaa.

Shuleni, aelezwe mwalimu mmoja au wawili tu, kwa ridhaa ya kijana. Kama anakaa bweni, uliza waziwazi nani atatunza dawa, na kama anaweza kuruhusiwa kulala muda wa kusoma alfajiri. Bweni lisilomwezesha kulala kwa muda wa saa nane halimfai mwaka huu.

Mwisho, mkiwa mmetulia, andikeni pamoja dalili zake mwenyewe za kwanza, zile zilizotangulia wiki ile ya dirisha kuzibwa: labda aliacha kula na wenzake, alianza kuzima feni ili asikilize vizuri, alibadili upande wa kitanda. Bandikeni karatasi hiyo ndani ya mlango wa kabati lake, pamoja na jina la dawa, kipimo chake, na namba ya kliniki. Dalili mbili zikionekana kwa pamoja, mpigieni daktari siku hiyo, hata kama tarehe ya kliniki ni kesho kutwa.